Nyuki Seremala: Mzuie Paani, Mtunze Shambani

  

Leo nataka tumzungumzie nyuki seremala. Ni yule nyuki mkubwa, mnene, mweusi, mwenye urefu wa sentimita mbili hadi tatu, ambaye akipita akivuma mtu huinamisha kichwa bila kupenda. Ndiye anayetoboa pau za jikoni, nguzo za zizi la mbuzi na ule ubao wa ukingoni mwa paa. Unafagia ukumbi alfajiri, na kabla ya saa nne unakuta unga wa mbao umemwagika tena pale pale. Ukiinua macho unaona tundu la duara, safi kama limetobolewa kwa keekee.

Najua kinachofuata katika nyumba nyingi. Mafuta ya taa yanamiminwa ndani ya lile tundu. Kwingine ni dawa ya kupulizia mbu, na kwingine ni kitambaa kinachowaka kilichofungwa kwenye kijiti, chini ya paa la nyasi au la mbao kavu, jambo ambalo linaweza kuiteketeza nyumba nzima kwa sababu ya mdudu mmoja. Nimekuja kuwaomba tuache desturi hiyo. Siombi kwa huruma peke yake. Naomba kwa sababu nyanya zako, biringanya zako, pasheni zako na hata mbaazi zako, ile nzuu unayochanganya na muthokoi, zinanufaika kwa kazi ya nyuki huyu. Tena ipo njia ya kuziokoa mbao zako bila kumuua.

Kwanza tumjue ni nani. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na nyuki wa asali ni aina chache tu kati ya hizo. Nyuki seremala, ambao wataalamu huwaita Xylocopa, wanakaribia aina 400 au hata kuzidi. Hapa Afrika Mashariki tunao wa namna kadhaa. Yupo mweusi tititi mwenye nywele nyeupe ubavuni. Yupo mwenye mikanda miwili myeupe au ya manjano mgongoni, pale kifua kinapokutana na tumbo. Yupo pia mwenye kifua cha rangi ya kutu. Hao niliowataja ni majike. Madume ya baadhi ya aina hizi yana rangi nyingine kabisa, manjano au kahawia ya kung'aa, hata mtu akadhani ni mdudu wa ukoo mwingine.

Nyuki huyu hana mzinga wenye maelfu, wala hana asali ya kurina. Watu wa Ukambani wamezoea mizinga ya magogo ya mukau iliyotundikwa mitini, na wanazijua hasira za nyuki wa asali anapochokozwa. Nyuki seremala tusimpime kwa kipimo hicho. Ndani ya tundu lile yumo mama mmoja, pengine na binti zake wachache waliokwisha kukua. Hakuna kundi litakalofumuka kukufukuza hadi kwa jirani.

Na yule anayesimama hewani mbele ya uso wako je, anayerudi nyuma kidogo kisha akasogea tena kana kwamba anakutisha? Huyo ni dume. Analinda eneo lake akisubiri jike apite. Atamfuata mbwa, atamfuata kuku, atamfuata ndege, na ukirusha kijiwe atakifuata nacho. Dume la nyuki seremala halina mwiba, kwa hiyo vitisho vyake vyote ni mavumo matupu. Jike ndiye mwenye mwiba, lakini huutumia anaposhikwa mkononi au kubanwa. Kwa hiyo tuwafundishe watoto wasimshike na wasichokonoe tundu lake kwa vijiti. Na mtu yeyote akidungwa na nyuki wa aina yoyote, kisha akaanza kuvimba uso au kushindwa kupumua, asisubiri nyumbani, akimbizwe hospitali.

Sasa tuingie ndani ya mbao. Nilipata kuona upau wa saipresi ulioteremshwa jikoni kwa mama mmoja upande wa Kathonzweni. Jiko lilikuwa linaezekwa upya, na upau ule ulikuwa na matundu matatu upande wa chini. Mama alikuwa ameshaamua uende motoni. Fundi akauweka juu ya gogo, akaupasua kwa tindo akifuata nyuzi za mbao, ukafunguka vipande viwili.

Njia ya kuingilia ilikwenda juu kidogo, kama kina cha kidole gumba, kisha ikakata kona na kufuata mbao kwa urefu. Kuta zake zilikuwa laini, hazina vumbi wala uchafu. Ndani mlikuwa na vyumba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na kati ya chumba na chumba palikuwa na ukuta mwembamba wa unga wa mbao uliokandamizwa ukashikana. Katika kila chumba mlikuwa na donge la manjano, chavua iliyokandwa kwa nekta. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa na buu mnono aliyekwisha kula karibu donge lote. Kilichokuwa karibu na mlango kilikuwa na yai jeupe, refu, limejipinda juu ya donge lake.

Mama akaliinamia, akasema, "Na mimi miaka hii yote nilijua ni mchwa, fundi."

Fundi akamjibu, "Mchwa angeula, mama. Huyu hakula hata chembe. Hata unga aliotoboa ameutumia kujengea kuta."

Fundi yule alisema kweli tupu. Nyuki seremala hali mbao. Chakula chake ni nekta na chavua, basi. Mbao anazitafuna kwa meno yake ili apate nafasi ya kulea, na unga anaoutoa huumwaga nje au huuacha ndani kwa ajili ya kuta. Mchwa hula mbao kutoka ndani na huacha njia za udongo ukutani. Bungua huacha vitundu vidogo kama ncha ya sindano na vumbi laini sana. Dumuzi, ambaye wengi wetu twamwita Osama, yeye hushambulia mahindi ya ghalani. Ukiona tundu moja la duara linaloweza kuingiza kidole chako kidogo, na chini yake unga wa mbao wenye chembe kubwa kubwa, hapo ndipo utajua ni nyuki seremala. Nayasema haya kwa sababu anayeshindwa kuwatofautisha hawa hununua dawa ya mchwa, akaipaka kwenye pau, na mchwa wake wakaendelea kula msingi wa nyumba bila wasiwasi.

Kuna jambo jingine katika upau ule ambalo ningependa mlizingatie. Mayai yalikuwa machache mno. Malkia wa nyuki wa asali anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja kwa siku. Nyuki seremala mara nyingi hafikishi hata kumi katika njia moja. Badala ya wingi, yeye anaweka nguvu zake katika ukubwa. Mayai ya ukoo huu ni miongoni mwa makubwa kabisa kwa wadudu wote wa dunia, na kuna aina ambazo yai moja hufikia sentimita moja na nusu. Kila yai lawekewa chakula chake, chumba chake na ukuta wake. Katika aina kadhaa mama huendelea kuwalisha watoto wake hata baada ya kuota mbawa, mpaka wawe tayari kujitegemea. Mdudu anayezaa wachache hivi na kuwalea kwa gharama kubwa hivi hajazi pengo upesi. Ukimwaga mafuta ya taa katika matundu manne ya jiko lako, huenda umeondoa nyuki seremala wote waliokuwa wakihudumia bustani yako na ya jirani yako kwa msimu mzima.

Twende bustanini basi, tuone anahudumia nini.

Simama asubuhi mbele ya mnyanya ulio na maua. Ua la nyanya hutazama chini. Katikati pana kijipembe cha manjano, nacho ni vifuko vya chavua vilivyoshikamana. Chavua imefungiwa mle ndani na hutokea kwenye ncha. Nyuki wa asali akija hupapasa, hazunguki sana, huondoka. Hana ufundi wa kulifungua ua hilo. Nyuki seremala akifika hulikumbatia kwa miguu yote, ua likainama zaidi kwa uzito wake. Hukunja mbawa mgongoni zisipige, kisha hutetemesha misuli ya kifua. Ukisikiliza kwa makini utasikia sauti ikibadilika: ule mvumo mzito wa kuruka unakatika, unasikia mlio mkali zaidi, mfupi, unaokatika na kurudi. Hapo chavua inamwagika tumboni mwake. Anapokwenda ua la pili, sehemu ya chavua hiyo inabaki pale panapotakiwa.

Nyanya inaweza kujichavusha, na upepo nao humsaidia mkulima kwa kuitikisa. Lakini ua lililotetemeshwa vizuri hupata chavua zaidi, na hapo ndipo tunda hujaa mbegu na kunenepa sawasawa. Ndiyo maana ndani ya grinhausi, mahali ambapo upepo haufiki na nyuki hawaingii, mkulima hulazimika kuitikisa mimea yake mwenyewe. Huko Ulaya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa nyanya wa grinhausi hununua makundi ya nyuki wanene wenye manyoya wa nchi za baridi ili wawafanyie kazi hiyo. Kusini mwa Sahara nyuki hao hawapo kiasili. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na nyuki seremala pamoja na nyuki wengine wadogo wa porini, na hatuwalipi kitu.

Biringanya ni ndugu ya nyanya, na ua lake ni gumu zaidi kufunguka, kwa kuwa chavua hutokea kwenye vitundu vidogo vya nchani. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa na Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng katika mashamba ya biringanya huko Nguruman, kwa majirani zetu wa Kajiado. Waliona wachavushaji wakuu wa zao hilo ni nyuki wawili wa porini, na mmoja wao ni nyuki seremala, yule mwenye mikanda miwili mgongoni. Waliona pia kwamba nyuki hawa hawaishi kwa biringanya peke yake. Wanategemea maua ya vichaka vinavyozunguka mashamba. Mkulima aliyefyeka kichaka chote ili apande biringanya zaidi alikuwa akiwafukuza watu wake wa kazi.

Wenye kupanda pasheni kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, na wengine mlio na maji ya kumwagilia, nisikilizeni hapa. Ua la pasheni ni pana, na vifuko vyake vya chavua vinaning'inia juu, vikitazama chini. Nekta iko chini, katikati ya ua. Nyuki wa asali ni mdogo, hupita chini ya vifuko akinywa nekta bila kugusa kitu, kama hakuja kuizoa chavua yenyewe. Nyuki seremala ana kimo kinachofaa. Anapozunguka kunywa, mgongo wake unasugua vile vifuko vya juu na kubeba chavua, na kwenye ua jingine mgongo huo huo unagusa ncha za kike zilizokwisha kujikunja chini. Chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Pasheni ya zambarau inaweza kujichavusha yenyewe. Ile ya manjano kwa kawaida haikubali chavua ya mmea wake, lazima iletewe ya mmea mwingine. Pasipo nyuki mkubwa, mwenye shamba atalazimika kupita ua kwa ua akipaka chavua kwa vidole. Huko Brazili kuna wakulima wanaofanya hivyo hivyo kwa mikono, na kuna watafiti waliotengeneza masanduku maalumu ya kuwaweka nyuki seremala karibu na mashamba ya pasheni. Sisi tunao bure kwenye pau za jikoni, nasi tunawamwagia mafuta ya taa.

Mbaazi nazo zina habari yake, na habari hii ni ya nyumbani kabisa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Mark Otieno na wenzake, uliofanywa katika mashamba ya mbaazi huko Kibwezi, kaunti ya Makueni. Walichunguza jinsi kilimo chenyewe, ikiwemo dawa za wadudu, pamoja na mandhari inayolizunguka shamba, vinavyowagusa wachavushaji na wadudu wengine wanaomsaidia mkulima. Ua la mbaazi lina petali zilizofungana chini, na chavua imefichwa ndani yake. Mdudu mwepesi hutua juu asiweze kulifungua. Nyuki seremala akitua, uzito wake unazisukuma petali zile, chavua inajitokeza na kumpaka tumboni. Mbaazi hujichavusha kwa sehemu kubwa, hilo nalikubali, lakini nyuki ndio wanaovusha chavua kati ya mmea na mmea.

Nisije nikamtwika nyuki huyu sifa zisizo zake. Mahindi, mtama na wimbi hutegemea upepo au hujichavusha. Ndengu, ambayo ni fahari ya Kitui, hujichavusha yenyewe. Maembe ya Makueni yanawategemea zaidi nzi na nyuki wadogo. Na nyuki seremala naye ana wizi wake: akikuta ua lenye shingo ndefu, wakati mwingine hulitoboa kwa chini, akanywa nekta na kuondoka bila kuacha faida. Lakini ukihesabu mboga na matunda yanayoleta pesa mkononi kila wiki, hesabu yake inabaki upande wa faida. Kwa ujumla, karibu robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kidogo au kikubwa, wanyama wanaobeba chavua. Katika nchi kavu kama yetu, ambako mvua ikikosa wiki mbili mavuno yanayumba, hatuna sababu ya kupunguza kwa mikono yetu kile kidogo ambacho mvua imetupatia.

Sasa swali ambalo najua mnaniuliza hapo mlipo: kwa nini aje kwangu? Pori lote hili, kwa nini jiko langu?

Porini nyuki seremala hutoboa mti mkavu uliosimama, tawi lililokufa likiwa bado juu ya mti, au shina nene lililokauka. Hachagui jina la mti. Anatafuta mbao kavu, isiyo ngumu kupita kiasi, isiyolowa mvua na isiyopakwa kitu. Hebu tuyatazame mashamba yetu. Tawi likikauka leo, kesho limekuwa kuni. Mti ukifa, haumalizi mwezi, umekuwa makaa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa, na mjadala ukawa mkali nchini. Mazungumzo mengi yalihusu miti mibichi, na ilikuwa haki. Lakini mti mkavu nao una wakazi wake. Tukiuondoa kila mmoja, mbao kavu inayobaki pale bomani ni paa letu, zizi letu na kibanda cha kuku. Nyuki hana namna ya kujua kwamba upau ule umenunuliwa dukani.

Na madhara yapo, sitayaficha. Tundu moja haliangushi nyumba. Tatizo ni kwamba njia ile ile hutumiwa na kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akiongeza urefu na matawi. Baada ya miaka kadhaa upau mwembamba unaweza kudhoofika kweli. Mvua nayo huingia kwenye matundu na kuozesha mbao. Tena kigong'ota akisikia mabuu yakijongea ndani, hubomoa mbao ayatoe, na kazi yake inaharibu kuliko ya nyuki. Kwa hiyo mwenye nyumba ana haki ya kuilinda nyumba yake. Tunachotafuta ni namna ya kuilinda.

Dawa ya kwanza ni rangi. Nyuki seremala hupenda mbao tupu, iliyopigwa jua ikachakaa. Ipake rangi ya mafuta au vanishi, na usisahau upande wa chini na ncha za mbao, kwa kuwa huko ndiko anakopenda kuanzia. Fanya hivyo kabla mbao hazijapanda juu, zikiwa bado chini ambapo fundi anaweza kuzigeuza. Rangi ikianza kubanduka, rudia. Najua wengi hupaka oili chafu ya gari kwenye nguzo. Mimi siipendekezi jikoni wala zizini: oili ile ina sumu, mbuzi hujisugua na kulamba, na mvua huipeleka kwenye udongo unamopanda mboga.

Dawa ya pili ni kuziba, lakini kuziba kwa wakati wake. Ukiziba tundu lenye wakazi, utawaua walio ndani, au mama atatoboa mlango mwingine pembeni na utakuwa na matundu mawili. Chunguza kwa siku kadhaa. Kama hakuna unga mpya chini, na asubuhi na jioni huoni nyuki akiingia wala kutoka, tundu limehamwa. Lizibe kwa kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo chake, weka gundi, pitisha msasa, paka rangi. Usiache tundu tupu wazi, maana nyuki mwingine hupenda kurithi kuliko kuanza upya.

Dawa ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni kumpa mahali pake. Chukua gogo kavu la mwembe au tawi nene lolote lisilo gumu sana. Lining'inize chini ya ukingo wa kibanda au kwenye panda ya mti, mahali pasipolowa mvua, juu ya ardhi mchwa wasilifikie, na mbali kidogo na mlango wa nyumba. Ukitaka kumrahisishia, toboa vitundu vichache vya upana wa sentimita moja hivi, usivipitishe hadi upande wa pili. Ukipata mianzi mikavu, ikate ili kila kipande kiwe kimefungwa kwa nyuma na kifundo chake, uifunge mafungu na kuining'iniza kwa ulalo. Na ukiteremsha upau wenye nyuki, usiutie motoni. Subiri jioni wakiwa wamelala ndani, ziba matundu kwa kitambaa, uuegeshe chini ya kivuli pembeni mwa shamba, kisha fungua. Mama anaweza kurudi kutafuta mahali pa zamani, lakini watoto watakaotoka watapazoea papya.

Vilevile acha tawi moja moja kavu kwenye ua wa shamba. Acha mjohoro mmoja au miwili mpakani, na uoteshe marejea. Maua ya mimea hii humlisha nyuki wakati mazao yako hayana ua. Nyuki anayekaa shambani mwaka mzima ndiye utakayemkuta nyanya zikichanua.

La mwisho ni dawa za kunyunyizia mazao. Usinyunyize mimea iliyo na maua wazi kama waweza kusubiri. Ikibidi, nyunyiza jioni sana, jua likiwa limezama na nyuki wamerudi. Asubuhi mapema si salama, kwa kuwa nyuki seremala huanza kazi mapema na katika nchi ya joto hupumzika adhuhuri. Soma kibandiko cha chupa, fuata kipimo, na kagua kwanza kama wadudu waharibifu wapo kweli. Kunyunyiza kwa mazoea kila Jumamosi ni hasara mara mbili: pesa imetoka, na wachavushaji wametoka.

Ninalo ombi pia kwa maafisa wa kilimo wa kaunti zetu mbili, Kitui na Makueni. Kazi ya kufundisha ufugaji wa nyuki wa asali imefanywa kwa bidii, na asali ya Mwingi imejipatia jina. Katika mafunzo hayo hayo, tengeni nusu saa muwaeleze wakulima juu ya nyuki wa porini wasiotoa asali. Wapelekeni kwenye shamba la nyanya, wasikilize ule mlio kwa masikio yao. Mkulima akishamwona nyuki seremala akitikisa ua, hamtahitaji kumhimiza tena asimuue.

Na kwako wewe msikilizaji: Ukambani mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo tunazozitegemea zaidi. Kabla hazijafika, kagua paa lako. Ziba matundu yaliyohamwa, paka rangi mbao zilizo tupu, na uning'inize gogo moja kavu shambani.